Deni la Mlishaji

Kulisha ni neno jepesi katika ulimi. Mama humlisha mtoto, mfugaji humlisha ng'ombe, tajiri humpa maskini mkate, na wote watatu husifiwa. Hakuna tendo la mwanadamu lionekanalo jema upesi kama mkono unaotoa chakula. Lakini mkono huo una mitihani miwili. Wa kwanza ni kwamba anayepewa huenda asitambue kuwa kile anachopewa ni chakula. Wa pili, nao ndio mgumu zaidi, ni kwamba huenda akakipokea kwa furaha kitu kitakachomwua polepole. Katika nyumba nyingi mitihani hii hupita bila kuonekana, maana mtoto hulia na ng'ombe hulia, na kilio humzindua mlishaji. Kiumbe asiye na sauti hana msaada huo. Hukaa kimya akiwa na njaa, hukaa kimya akiwa ameshiba, na hukaa kimya anapokufa. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua uzito wa neno kulisha na amfuge samaki mla nyama.

Mwalimu mmoja alimfuga. Alizaliwa katika kijiji cha wavuvi karibu na Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, akasoma, akavuka bahari, na mwishowe akapata kazi ya kufundisha hesabu katika shule moja ya London. Alikaa katika nyumba ndogo pamoja na mke wake, aliyekuwa muuguzi wa zamu ya usiku, na binti yao wa miaka 11. Sebuleni aliweka tangi la kioo la lita 400. Nje ya dirisha mvua ya baridi ilinyesha juu ya mapaa. Ndani ya tangi maji yalikuwa na joto la nyuzi 25 na chumvi gramu 35 kwa kila lita, kama maji ya kwao. Mji wa London haukuwa mgeni katika jambo hili. Ndipo ilipofunguliwa, mwaka 1853, katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, nyumba ya kwanza ya samaki iliyowekwa wazi kwa watu wote. Tangu hapo kioo kimewaonyesha watu wa nchi za baridi viumbe ambao mtoto wa pwani huwaona bure, akichutama juu ya mwamba wakati wa maji kupwa.

Samaki aliyemtaka mwalimu ni yule ambaye Waingereza humwita samaki-simba. Mwili wake una milia ya rangi ya kutu na nyeupe. Mapezi yake ya kifuani hutandazwa kama mabawa. Na mgongoni husimama miba mirefu kama manyoya ya shingo ya simba aliyekasirika. Miba hiyo ya mgongoni ni 13. Mingine 3 iko nyuma ya tumbo, na 2 iko katika mapezi ya tumboni. Jumla yake ni 18, na kila mmoja una sumu. Aina ikaayo katika Bahari ya Hindi, toka Bahari ya Shamu mpaka kusini mwa Afrika, wataalamu huiita Pterois miles, jina lililotolewa na Bennett mwaka 1828. Na neno miles katika Kilatini maana yake ni askari. Simba au askari, yote mawili ni majina ya mwenye kushambulia. Hata hivyo, mwenye majina hayo hana mbio wala kelele. Huenda taratibu, hukaribia kama jani linalochukuliwa na mkondo, kisha hufungua kinywa mara moja, na kilichokuwapo mbele yake hakipo tena. Waswahili walikwisha kumweleza kabla hajaandikwa katika vitabu waliposema kwamba simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Huyu hakuwa samaki-simba wa kwanza wa mwalimu. Miaka mitatu nyuma alikuwa na mwingine, na habari za yule wa kwanza ndizo zilizomfanya awe mwangalifu kwa huyu wa pili. Yule wa kwanza alipofika alikataa kila kilichokufa. Mwalimu alimhurumia. Alikwenda dukani akanunua samaki wadogo wa dhahabu, wale wanaowekwa katika mabakuli ya watoto. Muuzaji hakuuliza ni wa nini, naye hakusema. Aliwatia katika tangi wawili wawili, na samaki-simba aliwameza kwa shauku iliyomfurahisha kila aliyetazama. Alinenepa. Rangi yake ilikolea. Wageni waliokuja nyumbani walimsifu mwalimu kwa mkono wake mwema.

Mwezi wa nane samaki yule alianza kukosa shabaha. Alifungua kinywa upande wa kushoto ilhali windo liko kulia. Baadaye alianza kuogelea akiinama kichwa, kama mtu aliyesahau njia ya nyumbani kwake. Siku moja asubuhi alikutwa amelala chini, ubavu juu, tumbo lake limejaa.

Ndipo mwalimu alipokwenda kusoma mambo ambayo ilimpasa kuyasoma kabla. Samaki wa dhahabu ni wa maji baridi. Mwilini mwake mna kimeng'enya kiitwacho thiaminesi, na kazi ya kimeng'enya hicho ni kuivunja vitamini B1. Mlaji akila mmoja leo na mwingine mwezi ujao hadhuriki. Akilishwa hao tu, mwezi baada ya mwezi, akiba yake ya vitamini hiyo huisha, na mishipa ya fahamu hudhoofika. Tena mafuta ya samaki wa maji baridi si sawa na mafuta ya samaki wa bahari, na ini la mla nyama wa bahari hulemewa nayo. Kwa maneno mengine, mwalimu alikuwa amempa samaki wake kifo kidogo kidogo, na samaki alikuwa amekipokea kwa shukrani. Mithali husema kwamba mwana akililia wembe mpe. Mithali hiyo ina hekima yake kwa mwana atakayekatwa kidole akajifunza. Haina hekima kwa kiumbe ambaye jeraha lake liko ndani na somo lake huja pamoja na mauti.

Samaki wa pili alifika mwezi wa Februari, akiwa na urefu wa sentimita 12. Safari ya samaki kama huyu ni ndefu. Mzamiaji humzingira kwa wavu mdogo kati ya matumbawe. Hutiwa katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na hewa ya oksijeni. Husafirishwa kwa ndege. Hukaa katika ghala, kisha katika duka. Na katika kila kituo taa, maji na jirani zake hubadilika. Kiumbe aliyepitia hayo hafiki na hamu ya kula. Kwa hiyo mwalimu hakumpa kitu kwa siku nne. Alizima taa, akamwekea mapango ya mawe, akamwacha aijue nyumba. Mgeni siku mbili, husema wahenga, na siku ya tatu mpe jembe; lakini mgeni huyu alistahili siku nne.

Siku ya tano alichukua kamba mdogo aliyegandishwa, akamyeyusha, akamtupa ndani. Kamba alizama kama kijiwe. Samaki alimtazama akipita mbele ya macho yake, wala hakusogea. Siku ya sita yakawa yale yale, na siku ya saba vilevile. Kila jioni mwalimu alitoa mabaki kwa koleo, maana nyama ikiachwa majini huoza, kuoza huzaa amonia, na amonia huchoma matamvua ya samaki.

Mtu asiyejua angesema kwamba samaki yule ni mkaidi au ni mchaguzi. Hakuwa mkaidi wala mchaguzi. Kwake yeye kitu kile hakikuwa chakula. Katika maisha yake yote hakuna chakula kilichoshuka wima bila kukwepa. Chakula kwake kilikuwa kitu chenye kukimbia, chenye jicho, chenye kugeuka ghafula. Watafiti walieleza mwaka 2012 kwamba samaki-simba hata humpulizia windo lake maji kutoka kinywani. Na mara nyingine windo hugeuka kuukabili mkondo ule, na hapo huwa limejileta lenyewe, kichwa mbele. Mwindaji mwenye maarifa kama hayo, awekewapo nyama isiyotikisika, ni kama msafiri mwenye njaa asiyejua kusoma apitaye mbele ya kibao kilichoandikwa hoteli. Chakula kipo na njaa ipo. Kinachokosekana ni maarifa ya kuviunganisha.

Siku ya tisa binti alisimama mbele ya kioo mikono ikiwa nyuma.

"Baba, atakufa huyu. Kwa nini usimpe wale wa dhahabu?"

"Mwanangu, yule wa kwanza nilimpa hao, nawe uliona."

"Niliona. Yule alikufa ameshiba. Huyu atakufa na njaa. Sasa tofauti iko wapi?"

Mwalimu aliyezoea kujibu maswali ya wanafunzi 30 kwa siku hakuwa na jibu la swali hilo. Usiku ule hakulala vema. Mtoto alikuwa amegusa penyewe. Kumnyima samaki chakula anachokitambua, kwa tumaini kwamba atajifunza kukitambua kingine, ni kucheza kamari kwa uhai usio wako. Kama samaki akifa, hapatakuwa na tofauti kati ya mwalimu mwenye hekima na mtu mkatili. Wote wawili watakuwa wamesimama mbele ya tangi tupu.

Siku ya pili yake alimpigia simu mjomba wake Shimoni, mzee aliyevua kwa mshipi tangu utoto.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Baridi yaendeleaje?"

Mwalimu alieleza habari zake. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Sisi tukimwona yule chini ya jiwe twamwachia jiwe lake. Na wewe umemnunua? Kwa fedha?" Kisha akatulia, maana aliisikia sauti ya mpwa wake haikucheka. Akauliza kile chakula kilitiwaje majini, naye akaelezwa kuwa kilitupwa tu kikazama. "Ndiyo maana," akasema mzee. "Wewe mtoto wa mvuvi umesahau? Ukiwa na chambo kilichokufa huuachi mshipi ukalala. Wautikisa. Kidogo tu, kisha waacha, kisha watikisa. Samaki hali chambo, ala mwendo."

Maneno hayo machache yalikuwa na elimu ambayo mwalimu alikuwa ameitafuta katika kurasa nyingi. Vitabu vilimwambia ampe samaki chakula kilichokufa kwa kijiti; havikumwambia kijiti ni cha nini. Aliposikia kauli ya mjomba alifahamu kwamba kijiti si mkono mrefu wa kufikishia nyama. Ni chombo cha kuikopesha nyama uhai kwa kitambo, mpaka mlaji azoee kuila bila uhai huo.

Alianza upya, na safari hii alianza chini zaidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alinunua kamba wadogo walio hai, wale wakaao milango ya mito, mahali maji ya chumvi na maji baridi yanapochanganyika. Kamba hao hawana madhara yale ya samaki wa dhahabu, tena huvumilia chumvi ya tangi. Binti alipewa kazi ya kuwatunza katika ndoo yenye hewa na kuwapa chakula bora siku moja kabla, maana kilicho tumboni mwa windo huishia tumboni mwa mwindaji. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo mzito. Aliuliza kama kamba nao hawapendi kuishi. Baba yake alimwambia kwamba wanapenda, na kwamba ndiyo sababu nyingine ya kutaka siku zao ziwe chache. Mtoto aliliona jibu hilo kuwa la haki.

Kila jioni ya tatu, saa ya magharibi, ambayo ndiyo saa ya samaki-simba kutoka kuwinda, taa ilipunguzwa. Mwalimu alimshika kamba mmoja hai kwa ncha ya kijiti cha plastiki kisicho na rangi, akamteremsha na kumwachilia mbele ya pango. Samaki alitoka, akatandaza mabawa yake, akameza. Kamba wawili, basi, hakumshibisha. Kusudi halikuwa shibe. Kusudi lilikuwa kwamba kijiti kitangulie chakula, leo, kesho kutwa, na tena. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, alionyesha kwa mbwa kwamba ishara itanguliayo chakula mara nyingi mwishowe hupata nguvu ya chakula chenyewe. Samaki naye hujifunza hivyo. Baada ya wiki moja na nusu samaki alitoka pangoni alipokiona kijiti, kabla hajamwona kamba.

Hapo ndipo ilipoanza sehemu ngumu. Katika jioni zilizo kati ya zile za kamba hai, mwalimu alitia katika ncha ya kijiti kamba aliyekufa saa ile ile, akamtikisa. Samaki alikuja. Alitandaza mapezi. Aliinamisha kichwa akatazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Kisha aligeuka akaenda zake. Jioni ya pili alikuja karibu zaidi, akageuka. Jioni ya tatu alipulizia maji, akangoja windo likimbie; halikukimbia; akageuka.

Kitu kimoja kilimpa mwalimu kipimo cha subira. Mwaka 1997 mtaalamu Lev Fishelson alichapisha uchunguzi wake juu ya samaki-simba, na humo alieleza kwamba wanaweza kukaa bila kula zaidi ya wiki 12 wasife. Mwalimu wa hesabu aliipenda tarakimu hiyo, lakini hakuilalia. Alijua kwamba samaki waliochunguzwa hawakuwa wametoka katika mfuko wa plastiki na ghala la giza kama huyu wake. Kwa hiyo alijiwekea mpaka. Kila asubuhi alitazama nyama iliyo nyuma ya kichwa cha samaki, mahali ambapo njaa huandika kwanza. Ikiwa pale panaanza kubonyea, angerudi kwenye kamba hai kila siku na kuliacha somo mpaka mwezi mwingine. Ukali usio na mpaka si mafunzo, ni adhabu. Na huruma isiyo na mpaka si huruma, ni woga wa kumwona mwingine akitaabika. Kati ya mipaka hiyo miwili ndiyo njia, nayo ni nyembamba.

Siku ya 24 mwalimu alirudi kazini amechoka. Alikuwa amesahihisha mitihani tangu alfajiri, na nje kulikuwa na upepo wenye barafu. Hakuvua koti. Alimtia kamba aliyekufa katika ncha ya kijiti, akakiingiza kijiti majini, akakiacha tu. Hakuwa na nguvu ya kucheza mchezo wa mvuvi. Lakini vidole vyake vilikuwa na baridi, na mkono ulitetemeka. Mtetemeko ule haukuwa na mpango. Ulikuja, ukakoma, ukaja tena. Kamba yule aliyekufa aliruka kidogo kama kiumbe kilichostuka. Kinywa kikafunguka. Kijiti kikabaki kitupu.

Samaki alimtema. Alimtema, akamtazama akielea, na mwalimu na binti yake hawakupumua. Kisha akammeza mara ya pili, na hakumtema tena.

Hawakupiga kelele, maana samaki huogopa. Mtoto alimshika baba yake koti, wakasimama hivyo gizani mbele ya kioo. Baadaye mwalimu alifikiri sana juu ya jioni ile. Wiki nyingi alikuwa ameutikisa mkono kwa ustadi, na ustadi ule ulikuwa na mwendo mmoja wa sawasawa kama wa saa ya ukutani. Hakuna kiumbe hai kiendacho hivyo. Uhai ulio katika windo ni uhai wenye hofu, usio na kipimo, na mkono wake uliweza kuuiga siku ule mkono ulipokuwa dhaifu kweli. Tangu hapo alijua kutikisa.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka, kama yaendavyo baada ya mwanafunzi kuijua herufi ya kwanza. Kamba hai walipungua, wakaisha. Kamba wa kuyeyushwa walifuatwa na vipande vya samaki wa bahari, vya ngisi na vya kome. Kila kipande hakikuzidi upana ulio kati ya macho mawili ya mlaji. Mwalimu alibadilisha vyakula kwa makusudi, maana hata baadhi ya samaki na kamba wa bahari wana kile kimeng'enya kinachoharibu vitamini. Usalama hauko katika chakula kimoja kilicho bora, uko katika kuchanganya. Mara moja kwa wiki alidondoshea vitamini juu ya nyama. Kufikia mwezi wa Mei samaki alikula kipande kilichoachiwa tu katika mkondo wa pampu, bila kijiti.

Kisha lilikuja jaribu jipya ambalo mwalimu hakulitazamia. Aliyekataa kula sasa aliomba. Kila mtu alipopita sebuleni samaki alikuja mbele ya kioo, akapanda na kushuka, mabawa wazi, kinywa kikifunguka na kufumba. Wageni walisema, "Maskini, ana njaa." Lakini Fishelson alieleza pia kwamba tumbo la samaki huyu likijazwa hupanuka hata mara 30. Kiumbe wa namna hiyo baharini hula apatapo, kwa sababu hajui kesho ataona nini; katika tangi kesho yake inajulikana, na shibe ya kila siku humjaza mafuta mpaka ini lishindwe. Mara tatu kwa wiki zilimtosha. Basi mwalimu ambaye mwezi wa Februari alihuzunika kwa sababu samaki hali, mwezi wa Mei ilimpasa kumkatalia samaki anayetaka. Na ilimpasa pia kukumbuka, kila aingizapo mkono kusafisha kioo, kwamba samaki aliyezoea kuufuata mkono ataufuata pamoja na miba yake 18. Alitumia kijiti kirefu, na karibu na jiko aliweka maandishi juu ya maji ya moto yavumilikayo, ambayo ndiyo huduma ya kwanza kwa aliyechomwa.

Shule zilipokaribia kufungwa binti aliuliza swali jingine.

"Baba, likizo tunakwenda Shimoni. Tumchukue, tumwachie baharini kwao? Sasa ana nguvu."

Mwalimu alimketisha, akamweleza habari ya Florida. Mwaka 1985 samaki-simba alionekana katika pwani hiyo ya Marekani, bahari isiyo yake. Wataalamu wanaamini kwamba chanzo ni samaki wa mapambo waliotupwa baharini na wafugaji. Wengi wao ni ndugu wa karibu wa samaki huyu, aina ya Pterois volitans, na wachache ni aina hii hii. Jike mmoja hutaga mayai yapata milioni 2 kwa mwaka, na samaki wadogo wa bahari ile hawakumjua mwindaji aendaye kama jani, hivyo hawakumkimbia. Baada ya mwaka 2000 walienea pwani ya mashariki ya Marekani, wakaingia visiwa vya Bahamas na Karibi, wakafika Ghuba ya Mexico, hata Brazil. Bila shaka miongoni mwa waliomwaga ndoo zao kulikuwa na watu wa huruma, waliofikiri kwamba wanampa kiumbe uhuru.

"Lakini Shimoni ni kwao," alisema mtoto.

"Ni kwao. Lakini amekaa katika maji yaliyopitiwa na samaki wa bahari nyingi, na ugonjwa aliouzoea yeye huenda wenzake hawauwezi. Tena tumemfundisha kwamba chakula hutoka kwa mtu. Mzamiaji akimkaribia, yeye atakwenda kumwomba."

Mtoto alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza samaki-simba huishi miaka mingapi. Aliposikia kwamba katika tangi hufika miaka 10 na zaidi, alihesabu kwa vidole akaona kwamba siku hiyo yeye atakuwa na miaka 21. Mwalimu hakuwa na haja ya kuongeza neno. Hesabu ile ilisema yote. Siku ya 24, walipokuwa wakishangilia kimya kimya mbele ya kioo, walidhani kwamba samaki ndiye aliyefungwa na kijiti. Kumbe ncha ya pili ya kijiti ilikuwa mkononi mwao.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba, kabla ya safari ya wiki sita, alitafutwa mtu wa kubaki. Ng'ambo ya barabara alikaa mzee wa Kiingereza, mjane wa kiume, mtu wa maneno machache. Alikubali. Alikuja jioni tatu kujifunza, na aliyemfundisha alikuwa binti, baba yake akikaa nyuma. Mzee alikishika kijiti kwa uthabiti wa mtu aliyeogopa kukosea. Nyama ilisimama majini bila kutikisika, na samaki, ambaye kwa mkono mgeni alikuwa amerudi kwenye mashaka yake ya zamani, aliitazama akageuka.

"Usimwonyeshe nyama," mtoto alimwambia. "Mwonyeshe mwendo. Kidogo, kisha uache."

Mzee alijaribu tena. Mkono wake ulikuwa na mtetemeko wa uzee, ambao hapo kwanza alijitahidi kuuficha. Mtoto akamwomba asiuzuie. Mzee akauachia, na samaki akala.

Kumfundisha mla nyama kula kisichokimbia si kumshinda, na si kumfanya mpole. Miba yake ni ile ile na kinywa chake ni kile kile. Ni kumfungia njia moja ya kuishi na kumfungulia nyingine, na njia aliyofunguliwa hupita katika mkono wa aliyemfundisha. Kwa hiyo somo likiisha kazi huwa ndiyo kwanza imeanza. Mwenye kuutaka ualimu wa namna hii, awe anafuga samaki, awe analea mtoto, awe anaongoza watu, na ajipime kabla ya kuinyosha nyama ya kwanza: si kama ana chakula cha leo, bali kama mkono wake utakuwapo kesho, na siku mkono huo usipokuwapo, kama kuna mwingine aliyemfundisha kutikisa.